Mjumbe wa Kabla ya Sabato

Sina sababu ya kukudanganya. Nina miaka hamsini na mitatu, pombe sinywi, na siku ile nilikuwa nimeshiba, tena kupita kiasi, kama utakavyosikia. Wala haukuwa usiku wa manane, saa ambazo mtu huona kamba akadhani nyoka. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, kando ya barabara kubwa kaskazini mwa London, magari yamejaa na maduka yako wazi. Na nilikuwa na mwenzangu. Lau ningekuwa peke yangu, ningenyamaza mpaka leo.

Mwanangu wa kwanza, aliyezaliwa hukuhuku, nilipomsimulia alinijibu kwa Kiingereza kwamba ulikuwa uchovu tu. Haya, mwache aamini uchovu. Wewe nisikilize.

Kazi yangu ni kuwapeleka wazee kliniki na kuwarudisha majumbani kwao kwa gari dogo la kampuni. Kwetu ni Majengo, Mombasa, lakini huku nimekaa miaka kumi na saba. Kati ya wazee ninaowachukua yumo Mama Lea, Myahudi wa miaka themanini na tatu, anayeishi Golders Green na mumewe, Mzee Simoni. Siku ya kwanza nilipomfungulia mlango wa gari alisoma jina langu kifuani, akanitazama usoni, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe ni mtu ya wapi, Kenya?"

Nilishikwa na butwaa. Kumbe Mama Lea alizaliwa Nakuru, akalelewa hukohuko mpaka alipofika miaka kumi na tisa. Kiswahili chake ni cha bara, ngeli zote kazifyeka. Nikimsahihisha huniambia watu wa Pwani wana maneno mengi na kazi kidogo. Haniiti kwa jina lingine ila Bwana Mombasa.

Tukawa marafiki wa njiani. Foleni za London ni ndefu, na watu wawili wenye kukumbuka kwao hawakosi la kusema. Alinihadithia Ijumaa za Nakuru: mama yake akioka mikate miwili kwenye jiko la kuni, sakafu imesuguliwa kwa nta nyekundu mpaka watoto wanateleza, baba yake akirudi kutoka mashambani ambako alikuwa fundi wa mashine za kukamulia maziwa. Alioga, akavaa shati jeupe, ndipo mama akawasha mishumaa na Sabato ikaingia. Mimi nikamhadithia Ijumaa za Majengo: pasi ya makaa ikipita juu ya kanzu ya babangu, udi ukifukizwa, pilau likinukia hadi nyumba ya tatu. Sikupata taabu kuielewa Sabato yake inayoingia jua likizama. Kwetu pia usiku hutangulia mchana. Bibi yangu akisema usiku wa Ijumaa, alikuwa na maana ya Alhamisi baada ya magharibi. Wallahi, kuna siku tulifika kwake tukabaki garini dakika kumi nzima, yeye hataki kushuka na mimi sitaki kumharakisha.

Jambo moja tu lilikuwa mwiko. Mama Lea hasafiri Ijumaa. Alinieleza kwamba sheria yao ya zamani inamkataza mtu kufanya safari ndefu Ijumaa ikaendelea baada ya theluthi ya kwanza ya mchana kupita. Nilidhani sababu ni kuogopa kuzamiwa na jua njiani. "Hapana," akasema. "Sababu ni watu ya nyumbani. Ukichelewa, wao hawajui wapike au wasipike, wangoje au wasingoje. Siku hizi watu wana gari, wana simu, wamelegeza. Mimi sijalegeza."

Kisha akanipa kisa chenyewe. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kwenye kiini.

Alikuwa na miaka tisa. Baba yake alikuwa upande wa Molo, Ijumaa, na kazi ilikuwa imekwisha mapema. Lakini mwenye shamba akamwomba atazame mashine moja zaidi. Akaitazama. Walipoondoka, yeye na msaidizi wake aliyeitwa Barasa, mvua ilikuwa inanyesha na mto umefurika juu ya daraja. Lori likanasa kwenye matope. Baba aliona jua limebaki kidogo, na akajua hatafika. Akamwambia Barasa atangulie kwa miguu, apite juu kwenye kivuko, afike nyumbani amwambie mama awashe mishumaa, asimngoje.

Barasa hakufika. Mama alisimama barazani na kibiriti mkononi mpaka nyota zikatoka, na ikawa mara yake ya kwanza tangu aolewe kuacha mishumaa ikilala bila kuwashwa, maana Sabato ikishaingia moto hauwashwi. Baba alirudi Jumamosi usiku, Sabato ilipokwisha, akauliza, "Kwani Barasa hakuja?" Mama kwa hasira akasema ametoroka. Akawaambia hivyo majirani na polisi, na habari ikafika mpaka kwao Barasa, upande wa Bungoma. Baada ya wiki tatu koti lake likaonekana limenasa kwenye mizizi, mbali chini ya mto.

"Baba alisema ataenda kwao, awaambie ukweli," Mama Lea akaniambia. "Alisema wiki ijayo. Halafu mwezi ujao. Halafu tukaja London. Baba alivunja sheria kidogo tu, Bwana Mombasa. Mashine moja. Na aliyekufa si yeye."

Sasa njoo kwenye Ijumaa yangu mimi.

Kliniki ya macho ilimpa miadi Ijumaa, saa tano asubuhi, kusini mwa mto, mbali na kwake. Angekataa angengoja miezi minne, na jicho lenyewe lilikuwa linafifia. Akanipigia simu Alhamisi. "Utanirudisha mapema?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtu mzima amesema. Wiki iliyotangulia nilimsikia akisema mishumaa ni saa kumi na moja na nusu. Nikapiga hesabu yangu hapo.

Umeliona kosa langu? Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta jua letu halina hila. Januari au Julai, linazama saa ileile, mtu akapanga maisha yake yote juu yake. Miaka kumi na saba nakaa London, najua kabisa kwamba mwisho wa Oktoba saa zinarudishwa nyuma. Simu yangu ilikuwa imejirudisha yenyewe Jumapili ile, na mimi nikafurahia saa moja ya kulala. Lakini moyoni jua langu lilikuwa bado la Majengo. Haikunipitia akilini kwamba mishumaa ya Mama Lea nayo imeruka nyuma kwa saa nzima na zaidi, mpaka saa kumi na dakika kumi na saba.

Yeye angelijua hilo, lakini walimtia dawa ya kupanua mboni na hakuweza kusoma saa wala ile kalenda yake ndogo ya mkobani yenye saa za Sabato. Aliniuliza, "Tuna wakati?" Nikasema tele. Tena nikazidisha. Tulitoka kliniki saa nane na robo, na kwa kuwa mtaa wa Tooting ulikuwa karibu, nikamwomba tupitie. Pale yuko Mhindi mmoja aliyezaliwa Kampala, anauza mihogo mizuri, na mkewe anapika biriani. Nikanunua mihogo, nikala biriani, nikamletea Mama Lea chai ya rangi garini. Mashine moja zaidi, kama yule baba. Sikuliona hilo wakati ule.

Tulipovuka mto barabara ilikuwa imeziba. Mbele kulikuwa na ajali. Tukatambaa. Ilipofika saa kumi kasoro robo niliona anga limekuwa la kijivu, na jasho likanitoka. Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mpigie Simoni."

Nikapiga. Simu ikalia bila kujibiwa. Ijumaa Mzee Simoni huichomoa mapema isije ikaita ndani ya Sabato. Ana miaka tisini, moyo wake unatembea kwa vidonge. Mwaka uliopita mkewe alichelewa nusu saa tu kutoka kwa daktari wa meno, mzee akatoka nje kumtazamia, akaanguka kwenye ngazi za mlangoni, akalala hospitali mwezi mzima. Mama Lea alijua, na mimi nilijua, kwamba hatawasha mishumaa bila yeye. Atangoja. Giza likiingia atafungua mlango na kushuka zile ngazi.

Saa kumi na dakika kumi na saba tulikuwa tumekwama Child's Hill, na Sabato ikishaingia Mama Lea hapandi gari. Nikamsihi, nikamwambia dereva ni mimi, dhambi ni yangu, akae tu. Akakataa. "Miguu ninayo," akasema. Nikaliingiza gari kwenye mtaa wa pembeni. Aliacha mkoba wake kitini, maana kubeba vitu navyo kuna sheria yake, akanishika mkono tukaanza kutembea. Kwake kulikuwa kama kilomita moja na nusu. Kwa goti lake lile ilikuwa safari ya karibu saa nzima, na mbele yake haoni ila ukungu na taa. Nilijichukia, nakwambia kweli. Kila hatua nilimwona yule mzee akishuka ngazi.

Tulikuwa hatujafika mbali nikasikia mtu nyuma yetu. Hatua za haraka, miguu mitupu juu ya lami. Nikageuka nikamwona mwanamume wa makamo, mrefu, kaptura ya kaki, shati limegandamana mwilini, maji yanamchuruzika. Matope mekundu yalimfika magotini. Nami nakuambia siku ile haikuwa na tone la mvua, lami ilikuwa kavu na baridi inauma. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni mwenzetu anayeosha magari mahali fulani. Mtu wa London huona mengi.

"Hamjambo," akasema.

"Hatujambo," nikamjibu, kwa mazoea tu.

"Samahani, bwana. Natafuta kwa mama. Nimetumwa. Bwana amekwama huko mtoni, anasema mama awashe mishumaa, asimngoje." Akapumua. "Nimezunguka sana. Nyumba siioni."

Mkono wa Mama Lea ulinibana hadi nikaumia. Yeye hakumwona, macho yalikuwa yamejaa ile dawa. Sauti ilimtosha.

"Barasa," akasema.

Yule mtu akainama amtazame, akamtazama vile unavyomtazama mtoto uliyemwacha mdogo ukamkuta ameota ndevu. "Ni wewe, Lea? Kumbe mmehama."

"Tulihama."

"Na mama?"

Mama Lea machozi yalikuwa yanamshuka. Akasema kwa kile Kiswahili chake, lakini kwa sauti ya msichana, "Barasa, mama alisema wewe ulitoroka. Aliambia watu yote. Na sisi tulijua haukutoroka, na hatukusema."

Magari yalipita, mtu mmoja akatupita na mbwa wake, mbwa akavuta kamba kwenda upande wa pili. Kisha Barasa akasema, pole pole, "Nilifika katikati ya maji. Nilikuwa naona ng'ambo." Akaangalia juu. "Jua linakwisha. Nyumba ni ipi?"

Hapo mimi nilikasirika, nisikufiche. Si kwa hofu. Nilifikiri, huyu mtu zaidi ya miaka sabini bado yuko kazini, hata kufa hakujampa likizo, na sisi hapa tunamwelekeza njia. Nilitaka kumwambia, ndugu yangu, pumzika. Lakini Mama Lea alikuwa tayari anamwelekeza: mbele, kushoto kwenye duka la mikate, mlango wa kijani, ngazi nne. "Mwambie Simoni awashe. Mwambie asishuke chini. Mwambie nakuja kwa miguu."

"Sawa," akasema Barasa, akaenda. Hakukimbia. Alikwenda ule mwendo wa mtu aliyechelewa lakini hataki kufika akihema. Nikamfuata kwa macho mpaka kwenye kona, taa ya barabarani ikammulika, akakunja.

Tukaendelea kutembea. Chini, kila mahali tulipopita, kulikuwa na unyayo wa maji juu ya lami kavu, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye ngazi nne za mlango wa kijani.

Mlango ulikuwa umefungwa. Dirishani kulikuwa na mwanga wa mishumaa miwili.

Mzee Simoni alikuwa ameketi mezani, nguo nyeupe, mkono juu ya kitabu chake cha sala, ametulia kabisa. Alishangaa kumwona mkewe analia. Akatueleza kwamba mtu alibisha wakati yeye ameshavaa koti atoke. Mtu aliyelowa. Yeye Kiswahili hajui, ila miaka sitini ya ndoa imempa maneno mawili matatu, na mishumaa ni mojawapo. Yule mtu akaonyesha mishumaa, akaonyesha nje, akatembeza vidole viwili mkononi taratibu kuonyesha mtu anayekuja kwa miguu. Mzee akaelewa, akavua koti, akawasha. Alimvutia kiti, mgeni akakataa kukaa. Akasema neno, naye Mzee Simoni akalirudia mbele yetu kwa shida, silabi moja moja, akitaka kujua maana yake. Neno lilikuwa hili: "Sasa naenda kwetu."

Mama Lea akakaa chini sakafuni kwake, pale pale kwenye matope mekundu yaliyoachwa na miguu ya yule mgeni.

Ukidhani hadithi imeishia hapo, umekosea kama mimi nilivyokosea. Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na homa, nikalala siku mbili. Jumatatu Mama Lea akanipigia simu. Hakutaka kuzungumza juu ya maajabu. Aliniuliza likizo yangu ni lini. Nikasema Desemba. Akaniambia, "Basi hautaenda Mombasa kwanza. Utaenda Bungoma."

Nilikwenda. Nilikuwa na jina moja la mtu na jina la mto karibu na kwao, basi. Chifu mmoja akanipeleka kwa mchungaji mmoja, mchungaji akanipeleka kwa bibi anayeitwa Nekesa, binti yake Barasa. Alikuwa anapukusa mahindi uani. Baba yake alipopotea, yeye alikuwa bado tumboni mwa mamake. Nikamsalimu, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia nimetumwa. Sikumsimulia ya London. Nilimwambia ya mto tu: kwamba baba yake hakutoroka, hakuoa mke mwingine Nakuru, hakumwibia mtu. Alitumwa apeleke habari nyumbani kwa watu, akaingia kwenye maji, yakamchukua.

Aliendelea kupukusa. Nikadhani hakunisikia. Kisha akaniambia kwamba mamake alikuwa akimwekea mumewe sahani ya chakula kila mwisho wa mwezi, siku aliyozoea kuja, mpaka watu wakamcheka kisimani kwa kumngoja mtoro. Alikufa akiwa bado anaiweka.

Akasimama, akapangusa mikono kwa kanga. Akawaita wajukuu, akawatuma nyumba za jirani, moja baada ya nyingine. Wakaja wazee kwa vijana, wakajaa uani, wengine hata hawakujua Barasa ni nani. Bibi Nekesa akanionyesha pa kusimama.

"Sema tena," akaniambia. "Hawa hawajasikia."

Nikasema tena. Akaja mzee mmoja na mkongojo, amechelewa. Bibi akanigeukia. Nikasema mara ya tatu, tangu mwanzo.

Mama Lea yu hai, jicho moja limekwisha, lingine linaona. Bado tunasemezana garini. Ijumaa simchukui, wala yeye wala mtu mwingine, baada ya saa sita mchana, na kampuni inajua hainipati. Na nikichelewa popote, hata kwa robo saa, nasimama kando napiga simu. Watoto wangu wananicheka. Wanasema baba amekuwa mwoga wa barabara.

Si barabara ninayoiogopa. Ndugu msomaji, kuchelewa utachelewa, ni mwanadamu. Wapelekee habari watu wako. Lakini ukimtuma mtu akupelekee, usizime taa yako ukalala mpaka uulize kama na yeye amefika kwao.